Datsun haikuuawa na bei yake

Julai 2025 Nissan ilitangaza kwamba kiwanda chake cha Oppama, pale Yokosuka, kitaacha kuunda magari mwaka wa fedha wa 2027 utakapokwisha, yaani Machi 2028. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1961, na ndiko yalikotoka magari ya Bluebird yaliyoipeleka duniani Datsun, jina ambalo Nissan iliuzia magari yake zamani, kwa hiyo haikushangaza kwamba katika mazungumzo yaliyofuata jina hilo la zamani lilifufuka midomoni mwa watu. Hoja yao inafuatika. Kampuni imepata hasara ya yeni bilioni 670.9 katika mwaka ulioishia Machi 2025. Inapunguza wafanyakazi 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17. Uchumba wake na Honda, yaani mazungumzo ya kuungana, ulivunjika Februari mwaka huohuo, na magari ya Kichina yanaingia kila soko kwa bei ambazo Wajapani hawazifikii. Kama tatizo ni bei, wanasema, si lipo jina kabatini ambalo dunia nzima inalijua kwa bei nafuu? Mrudisheni Datsun.

Naona dawa hii imeandikwa kwa kusoma cheti cha mgonjwa mwingine. Datsun imekwisha kurudishwa mara moja, na ikafa tena mbele ya macho yetu mwaka 2022. Wanaotaka irudi mara ya pili wanadhani ilikufa kwa bahati mbaya, na wanaowapinga wanadhani ilikufa kwa sababu wakati wa magari ya bei nafuu umepita. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja. Kiswahili kinatusaidia kuliona, maana neno letu "rahisi" lina maana mbili: kitu kisicho cha gharama kubwa, na kitu kisicho na ugumu. Datsun ya kwanza ilikuwa rahisi kwa maana zote mbili. Ile iliyofufuliwa ilikuwa rahisi kwa maana moja tu, na ndipo msemo wa wazee wa "rahisi ghali" ulipoipata.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1911 Masujiro Hashimoto alianzisha karakana ya Kaishinsha mjini Tokyo, na mwaka 1914 ikatoa gari lililoitwa DAT, herufi za mwanzo za wafadhili wake watatu: Den, Aoyama na Takeuchi. Mwaka 1931 likaja gari dogo zaidi, likaitwa Datson, yaani mtoto wa DAT. Jina halikukaa. Sauti ya "son" kwa Kijapani inakumbusha neno la hasara, basi ikawekwa "sun", jua, na Datsun ikapatikana. (Kwa hesabu za leo unaweza kusema hasara ilifukuzwa mlangoni ikazunguka dirishani.) Lakini linalonivutia katika gari lile ni ukubwa wa injini yake, sentimita za ujazo 495. Tarakimu hiyo haikuja ovyo. Sheria ya Japani ya mwaka 1930 iliruhusu magari yenye injini isiyozidi 500 kuendeshwa bila leseni. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mnunuzi wa Datsun hakupunguziwa bei peke yake, bali aliondolewa mzigo mzima wa mitihani na makaratasi. Hesabu ya mtu aliyeichora ilianzia kwa mwenye gari na shida zake, kisha ikarudi kiwandani.

Tabia hiyo ndiyo iliyofanya kazi baadaye Marekani. Nissan, iliyoasisiwa na Yoshisuke Aikawa mwaka 1933 na kuichukua Datsun chini ya mbawa zake, ilianza kuuza huko mwaka 1958. Gari la kwanza lilikuwa na injini ya lita moja yenye nguvu ya farasi 37. Katika barabara kuu za Marekani hizo ni nguvu za kuomba radhi. Mwaka 1960 alipelekwa huko Yutaka Katayama, mtu ambaye wakubwa wa Tokyo hawakumpenda sana, naye akafanya kazi ambayo leo inaonekana ya kawaida lakini wakati ule haikuwa: aliwasikiliza wauzaji na wenye magari, akaandika, akasumbua makao makuu hadi wakamsikia. Alitaka injini kubwa. Mwaka 1967 ikaja Bluebird 510, ambayo Marekani ilipata injini ya lita 1.6 na springi za nyuma zinazojitegemea kila gurudumu, mpangilio ambao watu waliuzoea kwenye magari ya Kijerumani ya bei ya juu zaidi, na bado iliuzwa chini kidogo ya dola 2,000. Mwishoni mwa 1969 ikafuata 240Z kwa dola 3,526. Hakuna hata moja kati ya magari hayo lililochorwa na mtu aliyeanza kwa kuuliza, "Tukate nini?"

Afrika Mashariki ilijua hayo kwa njia yake. Datsun ilishinda mbio za Safari mwaka 1970 na 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann, mwaka 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta, kisha Mehta huyohuyo akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mbio zile hazikuwa za kasi tupu. Zilikuwa mtihani wa nani atafika, kwenye matope na vumbi, gari likipigwa spana usiku kando ya njia. Jina liliingia vichwani kama jina la gari linalofika, wala sikumbuki mtu aliyelitaja kwanza kwa bei yake.

Na mshindi mkubwa kuliko wote kwangu hakuwahi kupanda jukwaa lolote. Ni Datsun 1200 ya mwaka 1970 na pikapu yake iliyofuata mwaka mmoja baadaye, yenye injini ya A12 ya sentimita za ujazo 1,171, ya chuma, inayotumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Baba yangu mdogo alikuwa nayo, rangi ya krimu. Jumapili moja ya kila mwezi alifungua boneti, akachomoa plagi nne, akazisugua kwa msasa, akapima nafasi ya ncha zake kwa kipande cha boksi la kiberiti alichokikunja mara moja, akazirudisha. Zana zake zilikuwa spana ya plagi, bisibisi na kitambaa. Kati ya injini na kuta za bodi palikuwa na nafasi ya mtoto kutumbukiza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, ndiyo maana bisibisi ikianguka niliitwa mimi. Chai haijapoa, gari limeshawaka. Hakuwa fundi. Alikuwa mwalimu wa hesabu.

Sitaki nionekane naimba sifa tu. Datsun za miaka ya 1970 zililiwa na kutu vibaya, hasa katika nchi za baridi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Huko Uingereza, ambako zilipendwa kwa sababu zilikuja na redio na hita wakati magari ya nyumbani yalitoza ziada kwa vitu hivyo, nyingi zilimalizika kwa bodi kuoza huku injini ikiwa bado nzima. Wenye nazo walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini tazama mwelekeo wa malalamiko hayo: gari lilikuwa na maisha marefu zaidi ndani kuliko nje. Kasoro hiyo mtu aliweza kuiona kwa macho, akaipiga rangi, akachomelea bati, akaendelea.

Kisha likaja tendo la kwanza la kuua. Mwaka 1981 kampuni ilitangaza kwamba Datsun itaachwa, na ifikapo mwaka 1986 jina lilikuwa limeondolewa kila mahali. Waliotetea uamuzi huo hawakuwa wajinga. Kampuni iliitwa Nissan, hisa zake ziliitwa Nissan, na kuwa na jina moja duniani kote kunaokoa fedha. Tatizo ni kwamba mteja hakuwa ameweka imani yake kwenye hisa. Miaka mingi baada ya mabango kubadilishwa watu waliendelea kusema "Datsun" wakimaanisha pikapu yoyote ndogo ya Kijapani, na kampuni ikawa inalipia matangazo ya kuwafundisha watu kusahau kitu kizuri walichokijua. Hata hivyo magari yenyewe yalibaki yaleyale, kwa hiyo kifo hicho cha kwanza kilikuwa cha jina tu. Afrika Kusini pikapu ile ya 1200 iliendelea kuundwa Rosslyn ikiitwa Nissan 1400, ikiwa na sura yake ileile ya ujana wake, hadi mwaka 2008. Miaka 37, na zaidi ya 20 kati ya hiyo bila jina lake la kuzaliwa.

Tendo la pili lilianza Jakarta, Machi 2012, Carlos Ghosn, mkuu wa Nissan wakati ule, alipotangaza kwamba Datsun inarudi kwa ajili ya masoko yanayokua: India, Indonesia, Urusi, kisha Afrika Kusini. Julai 2013 gari la kwanza, Datsun Go, likafunuliwa New Delhi kwa ahadi ya bei isiyofika rupia 400,000, na Machi 2014 likaanza kuuzwa kwa rupia 312,000. Hapa hesabu ilianzia mwisho mwingine. Bei ilitangulia, na gari likakatwa hadi lienee ndani yake. Msingi wake haukuwa mbovu: ulikuwa wa Nissan Micra, na injini ilikuwa ya silinda tatu ya lita 1.2 iliyotoka Micra hiyohiyo. Uzito haukufika kilo 800, ndiyo sababu wenye nalo walisifu jinsi lilivyokunywa mafuta kidogo na kuchomoka haraka kwenye foleni, na nafasi yake ya ndani ilishinda ya wapinzani wake. Sasa ingia ndani. Kioo cha mbele kina waipa moja. Mahali pa redio pana kishikio cha kuwekea simu yako mwenyewe. Breki ya mkono ni mpini unaouvuta kutoka chini ya dashibodi. Mfuko wa hewa hakuna hata mmoja. Ukifunga mlango, bati linakujibu.

Novemba 2014 Global NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari na kuyapa nyota, ililigongesha gari hilo kwa kilomita 64 kwa saa. Halikupata nyota hata moja kwa usalama wa watu wazima, na wapimaji wakasema bodi yake ilijikunja kiasi kwamba hata ungeweka mifuko ya hewa isingesaidia kitu. Max Mosley, mwenyekiti wa taasisi hiyo wakati ule, alimwandikia Ghosn akimtaka aliondoe sokoni. Nissan ilijibu kwamba gari linatimiza kanuni za India, na hilo lilikuwa kweli. Mwaka 2017 ndugu yake wa safu tatu za viti, Go+, alipimwa kama anavyouzwa Afrika Kusini, akiwa na mfuko wa hewa wa dereva, akapata nyota moja. Mwaka 2018 yakafuata marekebisho: mifuko miwili ya hewa na breki za ABS. Mwaka 2020 Datsun ikatoka Urusi na Indonesia, na Aprili 2022 uzalishaji wa redi-GO, ile ndogo zaidi, ukakoma karibu na Chennai. Basi.

Ni nini hasa kiliiua? Maelezo yanayopendwa zaidi ni usalama, na yana uzito, lakini hayatoshi. Mwaka huohuo wa 2014 Maruti Suzuki Alto 800 ilipata sifuri vilevile, Tata Nano sifuri, na Alto ikaendelea kuuzwa kama maandazi. Kama nyota sifuri ingeua gari nchini India wakati ule, Alto ndiyo ingetangulia kaburini. Tofauti ni kwamba aliyenunua Alto alijua fundi yuko kila kona, spea ziko kila duka, na siku ya kuiuza mnunuzi atakuwa anasubiri mlangoni. Alinunua urahisi wa aina ya pili. Aliyenunua Datsun alikuwa anaingia kwenye mtandao mwembamba wa Nissan, kwa jina ambalo Wahindi wengi hawakuwa na kumbukumbu nalo, maana Datsun ya zamani haikuwahi kutamba kwao. Hili wengi hawalitilii maanani. Jina lilirudishwa hasa kwa watu ambao hawakuwa wamelikosa.

Maelezo ya pili ni kukamatwa kwa Ghosn mjini Tokyo, Novemba 2018. Mlezi akiondoka, wanasema, mtoto hufa njaa. Kuna chembe ya ukweli: mpango wa kubana matumizi wa Mei 2020, uliotangazwa pamoja na hasara ya yeni bilioni 671.2, ndio ulioifyeka Datsun. (Linganisha na hasara ya 2025. Zimepishana kwa chini ya yeni bilioni moja, miaka mitano mbali, na jina la kulaumiwa limebadilika.) Lakini mtoto anayeuzika hafi kwa sababu mlezi kaondoka. Mameneja wapya hawafungi duka linaloleta fedha.

Maelezo ya tatu ndiyo dhaifu kuliko yote, ingawa nayo hurudiwa sana: kwamba gari la bei nafuu limepitwa, kwamba hata maskini siku hizi anataka skrini kubwa. Wanaosema hivi huleta ushahidi wa Nano, iliyotangazwa kwa rupia 100,000 ikaishia kuzikwa mwaka 2018, na ni kweli Ratan Tata mwenyewe alikiri kwamba kuinadi kama gari la bei ya chini kuliko yote lilikuwa kosa. Lakini kukataa kuitwa maskini si kukataa bei nzuri. Dacia ya Romania ilinunuliwa na Renault mwaka 1999, ikatoa Logan mwaka 2004 kwa lengo la euro 5,000, na mwaka 2024 Sandero yake ikawa gari lililouzwa zaidi kuliko mengine yote Ulaya. Ulaya yenyewe, ya skrini kubwa. Siri yao haina uchawi: walichukua injini na gia ambazo Renault ilikwisha kuzichosha kwa majaribio ya miaka, wakapunguza idadi ya sehemu, wakaacha kupamba. Sandero ilipata nyota mbili tu za Euro NCAP mwaka 2021, jambo ambalo wapinzani wake hulitaja kwa furaha, lakini sehemu kubwa ya alama zilizopotea ilikuwa ya vifaa vya kielektroniki vya kumsaidia dereva. Bodi haikujikunja.

Ipo hoja moja ninayoiheshimu dhidi ya yote niliyoandika. Inasema: gari la baba yako mdogo haliwezi kuundwa leo. Kanuni za moshi zimeua kabureta, kanuni za ajali zimejaza ile nafasi ya mikono ya mtoto kwa vyuma na nyaya, na mapenzi ya wenye magari si kipimo cha usalama. Nissan ina mfano wake mchungu, Tsuru ya Mexico, Sunny ya miaka ya 1990 iliyoundwa huko hadi mwaka 2017. Madereva wa teksi waliiabudu kwa sababu haikufa na kila mtu aliweza kuitengeneza, na Latin NCAP ikaipa sifuri mwaka 2013. Ivan Espinosa, aliyeshika usukani wa Nissan Aprili 2025, ni Mmexico aliyeanzia kazi hukohuko, kwa hiyo historia hiyo haijui kwa kusimuliwa. Nakubali yote haya. Sitaki Tsuru irudi, wala A12. Lakini hoja hiyo inasema urahisi wa zamani umekufa kwa umbo lake, haisemi umekufa kwa nia yake. Leo urahisi wa matengenezo unakaa mahali pengine: kwenye taa inayobadilishwa bila kuvua bampa, kwenye sehemu zinazotumika na magari matano, kwenye kompyuta ambayo fundi wa nje anaweza kuisoma, kwenye kiwanda kinachoahidi spea kwa miaka 20 na kutimiza. Hivyo vyote vinagharimu fedha ambazo hazionekani kwenye bango la bei, na ndivyo vya kwanza kukatwa bei inapotangulia gari.

Kwa hiyo Espinosa akishauriwa kulitoa jina kabatini, swali la kumuuliza mshauri ni nani atakayesikilizwa kabla ya kuchora. Katayama alikuwa na wauzaji wake na barua za wateja. Datsun ya 2014 ilikuwa na jedwali la gharama, na sauti ya mwenye gari ilifika kiwandani baada ya ukuta wa majaribio kuwa umeshasema.

Na jibu hawakulikosa kwa kuwa lilikuwa mbali. Nissan na Renault zilikuwa zimefungana tangu 1999, na tangu 2005 Ghosn aliongoza zote mbili. Pikapu ya 1400 ilipoachwa Rosslyn mwaka 2008, mahali pake palichukuliwa na NP200, pikapu ndogo iliyouzwa huko hadi mwaka 2024. Ukiitazama taa zake na milango yake kwa dakika moja utaitambua. Ni Dacia Logan iliyobandikwa nembo ya Nissan. Siku Ghosn aliposimama Jakarta kutangaza kwamba Datsun inazaliwa upya, mrithi wa pikapu ya Datsun alikuwa na miaka minne barabarani, akibeba saruji na mbuzi, na hakuna aliyefikiria kumwita kwa jina la babu yake.